JE, INJINIA ALIYE KAZINI ASOME DIGRII YA PILI?

Mazungumzo ya kamati ya elimu kwa wanachama wa tawi letu hapa Macalder. Yamepigwa chapa kwa ajili ya wale waliokuwa zamu siku ile.



Kamati yenu imeletewa swali moja mara nyingi, tena na vijana mbalimbali, hata tukaona haifai kulijibu chini ya mti, mtu mmoja mmoja. Swali lenyewe ni hili. Mtu amekwisha pata digrii ya uinjinia, ameajiriwa, mshahara anaupata. Je, yafaa aendelee kusoma digrii ya pili bila kuacha kazi? Au aache kazi aende chuoni? Au atulie na kazi yake?

Wako wenzetu watakaosema swali hili si la chama. Watasema chama ni cha mishahara, viatu vya kazi na kofia, na mtu mwenye digrii yu karibu zaidi na bwana mkubwa kuliko sisi. Hatukubali. Injinia kijana anayekesha penye matangi ya sayanidi kwa mkataba wa miezi sita ni mfanyakazi sawa na mwenye koleo. Avuta hewa ile ile, na mkataba ukiisha aenda nyumbani kwa gari lile lile. Tena wale watoto mnaowalipia karo sasa ndio watakaokuja na swali hili kesho.

Tuanze na mahali petu, maana mahali hapa panafundisha. Mgodi wa Macalder ulianza kwa dhahabu miaka ya 1930, kisha ukawa mgodi wa shaba, na mwaka 1966 ukafungwa. Mgodi haukai milele. Mawe yakiisha, au bei ikianguka, milango hufungwa. Mtu ambaye ujuzi wake wote ni kuijua mashine moja ya mgodi mmoja, ujuzi ule hubaki na mashine. Aliyejifunza kanuni zinazoiendesha mashine anaweza kuvuka hata mpaka: kule Tarime, mgodi wa North Mara umekuwa ukitoa dhahabu tangu 2002. Hiyo ni sababu moja nzuri ya kusoma, na hatuidharau.

Lakini tazameni na jambo la pili. Mgodi ule ulipofungwa uliacha mlima wa mchanga uliokwisha sagwa. Waliokuja kuupima baadaye walikuta zaidi ya tani milioni moja, na katika kila tani dhahabu ya gramu moja na kitu. Yaani takataka ya jana ni mali ya leo, kwa mtu anayejua namna ya kuitoa. Hapo ndipo elimu ya juu ina kazi katika nchi yetu hii ya Migori, na tutarudi hapo.

Kwanza tuseme digrii ya pili haifanyi nini, kwa sababu wengi wanaikimbilia kwa tumaini lisilokuwamo.

Haimfanyi mtu injinia aliyeandikishwa. Sheria ya Mainjinia ya mwaka 2011 yasema wazi. Mwenye digrii ya uinjinia inayotambuliwa na Bodi ya Mainjinia ya Kenya huandikishwa kwanza kama injinia mhitimu. Baadaye, akiisha kufanya kazi ya uinjinia kwa muda usiopungua miaka 3, na kufaulu mtihani wa Bodi, na kuwa mwanachama kamili wa Taasisi ya Mainjinia, ndipo aandikishwapo kuwa injinia wa haki, mwenye ruhusa ya kutia sahihi michoro. Digrii ya pili haikai mahali pa miaka hiyo. Wala haiponyi digrii ya kwanza ambayo Bodi haikuitambua. Twawajua vijana walioona mlango wa Bodi umefungwa, wakadhani digrii kubwa zaidi itaufungua. Walitumia fedha na miaka, na mlango ukabaki vile vile.

Basi kijana aliyemaliza chuo mwaka jana na hajaandikishwa, sisi twamwambia: ndugu, andikishwa kwanza. Weka daftari la kazi yako kila juma: umefanya nini, umepima nini, nani alikusimamia. Tafuta injinia aliyeandikishwa akutilie sahihi. Hiyo haigharimu nauli ya Nairobi kila juma, na ndiyo inayotazamwa. Wenzetu mafundi wenye diploma wana sheria yao ya mwaka 2016 na bodi yao. Kwao swali ni la digrii ya kwanza, nalo tutalizungumza siku nyingine, maana ni refu.

Pili, digrii ya pili haiongezi mshahara kwa nguvu yake yenyewe. Katika daraja za vyeti za Kenya, digrii ya kwanza ni daraja la 7, ya pili ni la 9, na ile ya udaktari ni la 10. Ukisoma orodha hiyo utafikiri mshahara nao unapanda ngazi hiyo. La. Mapatano mengi ya kazi hulipa cheo ulichokalia, si karatasi uliyotundika ukutani. Kwa hiyo kabla ya kujiandikisha, nenda kwa karani wa mishahara uulize swali moja: nikirudi na digrii hii, nitahamia cheo gani? Akikuonyesha mahali palipoandikwa, vema. Akicheka, umekwisha pata jibu.

Sasa yafaa kwa nani? Hapa tutakaa kidogo.

Rai yetu ni kwamba anayefaulu ni yule aendaye chuoni akiwa na jiwe mkononi. Maana yake, kazi yake imemletea swali ambalo digrii ya kwanza haimsaidii kulijibu, naye amechoka kulitazama bila jibu. Tuwape mfano wa hapa hapa. Wachimbaji wadogo husaga mawe na kukamata dhahabu kwa zebaki. Mara nyingi zebaki haikamati hata nusu yake. Iliyobaki huenda na mchanga, na mchanga hununuliwa na wenye matangi, wakautia sayanidi. Sayanidi yakamata vizuri zaidi. Lakini mawe ya Macalder yana shaba ndani, na shaba hula sayanidi. Tangi linatiwa dawa, dawa yaisha, dhahabu ingali ndani ya mchanga, na tajiri anauliza gharama imekwenda wapi. Tena dhahabu nyingine imefungwa ndani ya mawe ya salfa, na sayanidi haiifikii kabisa mpaka mawe yaandaliwe kwanza.

Mwenzetu anayesimamia tangi huona jambo hili kila siku. Aongeze chokaa? Aitoe shaba kwanza kwa njia nyingine? Asage mchanga laini zaidi, na umeme je? Hayo ni maswali ya digrii ya pili hasa: yana majaribio, yana hesabu, na jibu lake lina faida kwa kiwanda, kwa mchimbaji, na kwa mama anayechota maji mtoni. Msisahau zebaki ile. Mapatano ya dunia juu ya zebaki, yaitwayo ya Minamata, yalifanywa mwaka 2013, na Kenya ikayaridhia mwaka 2023. Zebaki itaondoka siku moja, na lazima pawepo watu wa hapa wanaojua kitu cha kuweka mahali pake. Tusipokuwa nao tutaletewa wa kutoka mbali, nasi tutawabebea mizigo.

Lakini yule anayesema, 'Nataka digrii ya pili kwa sababu wenzangu wa darasa letu wanayo,' huyo twamwomba angoje. Mara nyingi hukwama kwenye tasnifu. Masomo ya darasani mtu huyamaliza, maana yuko mwalimu na uko mtihani na tarehe inajulikana. Tasnifu haina kengele. Mtu mwenye kazi hurudi nyumbani amechoka, asema nitaandika Jumamosi, Jumamosi kuna matanga, na mwaka unapita. Asiye na swali lake mwenyewe hana kitu cha kumwamsha alfajiri.

Sasa habari ya saa. Juma lina saa 168, hata kwa meneja. Mtu wa zamu sita za saa nane amekwisha toa 48. Usingizi, akilala saa saba, ni 49. Kula, kuoga, kutembea kwenda kazini na kurudi, tuseme 25. Zinabaki 46, na katika hizo muna watoto, shamba, kanisa au msikiti, wagonjwa, na mkutano huu. Masomo mawili tu kwa muhula yataka saa 15 kwa juma zisizo na kelele. Yawezekana. Lakini yawezekana kwa mtu ambaye zamu yake haibadiliki. Anayefanya mchana juma hili na usiku juma lijalo, saa 15 zile hazina mahali pa kukaa. Dada zetu wanajua zaidi, maana wakitoka zamu ya kiwanda waingia zamu ya nyumbani. Mwanamke injinia aliye na mtoto mchanga na tasnifu na tangi la usiku, hatuwezi kumwambia 'jitahidi' kisha tukaondoka. Bwana wake naye atahusika, na sisi tulio zamu pamoja naye.

Na njia je? Macalder si Nairobi. Madarasa ya jioni ya mji mkuu ni ya watu wanaotoka ofisini kwa miguu. Kutoka Migori mpaka Nairobi ni zaidi ya kilomita 300. Chuo cha Jomo Kenyatta kiko Juja, mbele ya Nairobi. Chuo Kikuu cha Taita Taveta, ambacho madini ni moja ya masomo yake makubwa, kiko karibu na Voi, kilomita nyingine zaidi ya 300 upande wa pwani. Hesabuni usiku wa basi, kwenda na kurudi. Siku hizi masomo mengine hufundishwa kwa simu na kompyuta, na hilo limesaidia sana. Kitabu waweza kukisoma Macalder. Maabara huwezi. Basi uliza chuo mapema: siku za maabara ni ngapi, na je, zaweza kukusanywa katika majuma mawili mfululizo? Vyuo vingine hufanya hivyo. Chuo Kikuu cha Witwatersrand kule Johannesburg hufundisha masomo ya juu ya madini kwa vipindi vya juma moja moja, kwa sababu wanafunzi wake wengi wako migodini.

Mwenzetu mmoja alisimama katika mkutano wa kwanza akatuambia, 'Mshika mbili, moja humponyoka.' Ni kweli. Lakini tumkumbuke mtu wa kwetu. Tom Mboya, ambaye nyumbani kwao ni Rusinga, alikuwa mkaguzi wa afya wa manispaa ya Nairobi na kiongozi wa chama cha wafanyakazi, akisoma kwa masomo ya posta usiku. Mwaka 1955 alipata nafasi ya kwenda Ruskin College, Oxford, chuo kilichofunguliwa mwaka 1899 kwa ajili ya wafanyakazi. Alikaa mwaka mmoja. Mwaka mmoja mzima, kwa msaada wa masomo, bila kushika kitu kingine cha mshahara, kisha akarudi kwenye shirikisho la vyama. Sisi twaona hivi: ukipata msaada wa masomo wa mwaka mmoja au miwili, na nafasi yako ikawekwa kwa maandishi, huo ni bora kuliko miaka mitano ya kusoma nusu na kufanya kazi nusu. Neno kubwa hapo ni maandishi.

Maana ahadi ya mdomo imewaumiza watu. Yuko kijana wa kiwanda kimoja, si cha hapa, ambaye msimamizi wake alimwambia, 'Soma, na mchanga wa kupima utachukua hapa hapa.' Akasoma mwaka mzima, akalipa karo. Msimamizi akahamishwa. Aliyekuja mahali pake akasema mchanga na hesabu za kiwanda ni siri, hautoki hata ndoo moja. Kijana hakuwa na barua. Alilazimika kubadili swali lake na kuanza upya, na karo ya mwaka ile haikurudi. Kwa hiyo barua itaje mambo haya: vipimo gani utatumia, nani atakuruhusu, na kwamba chuo kitaruhusiwa kuiweka tasnifu katika maktaba yake hata kama jina la kampuni litafichwa.

Fedha sasa. Msitazame karo peke yake. Kuna ada ya kujiandikisha, ya mtihani, ya maabara, kupima sampuli, nauli, kulala, na kuchapa tasnifu. Piga hesabu ya yote, kisha ongeza mwaka mmoja, kwa kuwa wengi huchelewa. Ukikopa Sakko, kumbuka wadhamini wako ni hawa hawa mnaokaa nao hapa. Mkataba wako ukikatwa, wao ndio watakatwa. Na Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yakataza makato yote pamoja kupita theluthi mbili ya mshahara. Hilo ni ukuta wa mwisho, si kipimo cha busara. Anayebaki na theluthi moja hawezi kununua vitabu.

Pengine tajiri atasema, 'Mimi nitakulipia karo, nawe utafunga miaka mitatu ya kunitumikia.' Si jambo baya, ila lisomwe. Tuseme amelipa shilingi 360,000 nawe umefungwa miezi 36. Kila mwezi unaofanya kazi yapasa upunguze deni shilingi 10,000. Ukiondoka baada ya miezi 20, deni liwe 160,000, si 360,000 yote. Tumeona karatasi inayodai yote hata mtu akibakiza mwezi mmoja. Tena iandikwe kwamba kampuni ikikupunguza kazini yenyewe, au mgodi ukifungwa, deni limekufa. Katika nchi ambayo migodi hufungwa, kifungu hicho ni cha lazima.

Jambo jingine wengi hawalijui. Tajiri hutakiwa kulipa ada ya mafunzo ya viwanda, shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, nayo husimamiwa na NITA. Kiwanda cha watu 80 hutoa shilingi 48,000 kwa mwaka. Tajiri aliyelipa aweza kudai arudishiwe gharama za mafunzo yaliyokubaliwa. Fedha hizo zaidi ni za kozi fupi na mafunzo ya kazini, wala hatuwaahidi digrii kwa njia hiyo. Lakini wakati mwingine kozi ya majuma mawili juu ya upimaji wa dhahabu, au usalama wa sayanidi, ndiyo uliyoihitaji, nawe ulikuwa unakwenda kutafuta miaka mitatu. Muulizeni tajiri kwa heshima: ada yalipwa? Na mara ya mwisho mafunzo yalidaiwa lini?

Juu ya likizo, msidanganyike. Sheria yatoa siku 21 za kazi za likizo yenye mshahara kwa mwaka. Likizo ya masomo haimo katika sheria hiyo. Msimamizi anayekunyima siku ya mtihani huenda asiwe amevunja sheria yoyote. Ndiyo sababu tumesema hili ni jambo la chama. Kitu kisichokuwamo katika sheria hutiwa katika mapatano, na mtu mmoja mmoja hawezi kukitia. Ataomba tu, leo apewe, kesho anyimwe, na atakayepewa ni yule anayejua kucheka na nyapara.

Kamati imeandika kifungu cha kupeleka kwenye mazungumzo yajayo na waajiri. Chasema hivi: 'Mfanyakazi yeyote anayesoma masomo yanayohusu kazi yake, yawe ya cheti, diploma au digrii, atapewa siku za mtihani kwa mshahara, si zaidi ya siku 10 kwa mwaka. Katika muhula wa masomo hatabadilishiwa zamu bila kuarifiwa siku 14 mbele. Mapatano yoyote ya karo yatakuwa kwa maandishi, na nakala moja itawekwa na chama.' Tumetaja cheti na diploma kwa makusudi, ili mwendesha kinu na fundi wa umeme wapate haki ile ile; kifungu cha mainjinia peke yao hatutakipeleka.

Wako waliotuambia siku 10 ni nyingi na tajiri atakataa. Wengine wasema ni chache. Kifungu kitasomwa tena katika mkutano ujao na kupigiwa kura. Mwenye neno la kuongeza alipeleke kwa katibu kabla ya siku hiyo, kwa maandishi. Na ambaye amekwisha letewa karatasi ya karo atie sahihi, aje nayo ofisini kwanza, hata kama aliyemletea amesema ni ya haraka.